Waya wa njano na sauti ya babu

Najua wengine mmeshaninunia kwa ukimya wangu. Likizo hii nilikuwa Muheza kwa bibi, na huko nimepata somo la historia ambalo sijawahi kulipata darasani. Somo lenyewe lilikuwa nyuma ya deki ya DVD. Msicheke, someni kwanza.

Bibi ana diski moja tu anayoijali duniani: jubilei yao ya miaka 50 ya ndoa, iliyorekodiwa 2009. Babu alifariki 2013. Walikuwa wakiitazama kwenye TV ya chogo. Chogo likafa, baba mdogo akanunua flati, na tangu siku hiyo diski ikawa haitazamiki. Picha nyeusi na nyeupe, imejaa vidoti kama sisimizi. Sauti ndiyo balaa kabisa: vigelegele na vilio vya watoto unavisikia kwa mbali, halafu babu anasimama na maiki, mdomo unacheza, yeye humsikii. Fundi mmoja alishasema diski imeoza, itupwe. Bibi akaifunga kwenye kanga akaificha kabatini.

"Mke mwenzangu," akaniambia (ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe), "wewe si unasoma chuo? Hebu mwangalie mume wetu, mbona hanisemeshi."

Hapo unakataaje? Nikavuta meza, nikawasha tochi ya simu. Nyuma ya TV kulikuwa na matundu matano: kijani, bluu, nyekundu, halafu nyeupe, na nyekundu nyingine. Kwenye deki waya zilikuwa tatu za kawaida: njano ya picha, nyeupe ya sauti ya kushoto, nyekundu ya sauti ya kulia. Njano ilikuwa imechomekwa kwenye kijani, nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye ile nyekundu iliyo jirani na bluu. Nikajiuliza, kwa nini mtu atengeneze kitu chenye matundu mekundu mawili? Jibu limo kwenye historia.

Pini hizi za duara zilianzia Marekani miaka ya 1930 katika kampuni ya RCA, kwa ajili ya kuunganisha santuri na redio. Kilichokuja kupita kwenye waya wa njano kiliamuliwa 1953, Marekani ilipopitisha mfumo wa TV ya rangi uitwao NTSC. Wakati huo mamilioni ya watu walikuwa na TV za nyeusi na nyeupe, na ikaamuliwa wasitupwe nje. Basi wahandisi wakaiacha picha ya mwanga na giza kama ilivyokuwa, wakaichanganyia rangi humo humo. TV ya zamani inasoma mwanga tu, TV mpya inachambua na rangi. Ujerumani, Walter Bruch wa Telefunken akauboresha mpango huo, ukawa PAL, ulioanza kurushwa 1967. PAL ndiyo iliyotufikia sisi.

Sasa oneni kichekesho cha historia. Zanzibar ilianza TV moja kwa moja na rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara tukaanza 1994. Sisi hatukuwa na mamilioni ya TV za zamani za kulinda, ila mchanganyiko ule tukaurithi hivyo hivyo, kama tulivyorithi mambo mengine mengi.

DVD ilipoanza kuuzwa Japani Novemba 1996, na Marekani 1997, ilikuja na kitu tofauti. Ndani ya diski mwanga na rangi vimehifadhiwa mbalimbali. Ukitumia waya wa njano, deki inachukua vitu vilivyotengana, inavikoroga pamoja, halafu TV inahangaika kuvitenganisha upya. Kuchambua mchele uliokwisha changanywa na chuya si kazi ndogo, lazima kitu kibaki. Wale sisimizi wa bibi walikuwa rangi ambayo TV haikuitambua, ikaichora kama vidoti.

Ndiyo maana watu walitafuta njia za kuukwepa mchanganyiko. S-Video ya 1987 ilitenganisha mwanga na rangi. Kisha zikaja pini tatu za kijani, bluu na nyekundu, ziitwazo component, ambapo kijani inabeba mwanga na mbili zilizobaki zinabeba rangi. Maelezo ya kwanza ya HDMI yalitolewa Desemba 2002, na hiyo inapitisha picha na sauti kwa dijitali kwenye waya mmoja. Watengenezaji wa TV, ili kubana nafasi, wakaliacha tundu la kijani lifanye kazi mbili: njano ikiwa umechagua AV kwenye rimoti, kijani ikiwa umechagua Component.

Mmeshaona kosa? TV ya bibi ilikuwa kwenye Component, kwa hiyo ikasoma mwanga tu. Na waya mwekundu wa sauti ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la rangi, hivyo upande mzima wa kulia ukapotea. Mpiga video wa 2009 alirekodi maiki ya babu upande wa kulia, na kelele za ukumbini upande wa kushoto. Babu hakuwa ameoza wala nini, alikuwa amechomekwa pabaya tu!

Nilihamisha waya mwekundu, kisha nikanunua mjini waya mwingine wenye pini tatu nikaunganisha component. Kwenye menyu ya deki nikachagua Component na PAL, na umbo la 16:9 ili nyuso zisivutwe kama chapati.

Kwa wenye kutaka deki leo, ushauri wangu ni huu. Kama TV yako ni flati, chukua yenye HDMI, yamekwisha. Ila usidanganyike na maneno ya HD kwenye boksi: diski ya PAL ina mistari 576, deki inaikuza tu, haiongezi kilichorekodiwa. Kama una TV ya chogo, angalia kwanza nyuma kuna matundu gani: component ikiwepo tumia hiyo, S-Video inafuata, njano iwe ya mwisho. Hakikisha deki inasoma kanda zote, maana sisi tumewekwa kanda ya 5 na diski za Marekani ni kanda ya 1. Mwenye sabufa kubwa ya 5.1 atafute tundu la sauti la optiko au koaksho, kwa sababu nyeupe na nyekundu zinatoa pande mbili tu.

Haya, turudi sebuleni. Rangi zilirudi, bibi akaitambua gauni yake ya zambarau. Kisha babu akashika maiki, na safari hii akasikika. Akasema mwaka aliochaguliwa kwenda chuo cha ualimu hakuwa na nauli, na kwamba huyu mama hapa aliuza machungwa barabarani wiki tatu mpaka ikatimia.

Mimi nasoma ualimu, na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nikamgeukia bibi, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini," akasema, macho yakiwa kwenye TV, "wakati mwenyewe yupo anasema?"

Tumeirudia mara nne usiku ule. Kesho yake niliinakili kwenye flashi mbili, moja ninayo hapa hosteli. Kama kwenu kuna diski iliyoambiwa imeoza, kabla hamjaitupa tazameni nyuma ya TV kwanza.

Haya wadau, asubuhi nina semina na sijasoma hata ukurasa mmoja. Tuombeane!