Moto Usio na Moshi

Mwezi wa Desemba, mwaka 2022, wajukuu wetu watatu walikuja kutoka Dar es Salaam kula Krismasi nasi hapa Mufindi. Hawakumaliza hata siku mbili, yule mdogo, mwenye umri wa miaka sita, akaizunguka nyumba yote akikagua kuta kama mkaguzi wa shule, kisha akanijia na malalamiko yake: “Babu, nyumba yako haina bomba la moshi. Sasa Baba Krismasi atapita wapi?”

Nimefundisha kwa miaka 37, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kujibu maswali ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Hilo lilinishinda, nikamwambia kwamba tutalitengeneza.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Tulinunua plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 na mbao za msonobari za inchi 2 kwa 2, ambazo huku kwetu hazina shida kwa kuwa shamba la miti la Sao Hill liko jirani. Tukaunda sanduku lenye kimo cha futi 3 na nusu, upana wa futi 4 na kina cha inchi 10, tukapigilia plaiwudi mbele na ubavuni, tukakata kwa msumeno mdogo tundu la kukaa moto. Juu tukaweka ubao mpana uwe rafu. Chini nikafunga magurudumu ya kiti kibovu cha ofisi, maana sebule yetu ni ndogo, na siku ya jumuiya kuja kusali sharti kila kitu kisogezwe. Wajukuu wakapaka rangi nyekundu; ilipokauka wakachora mistari myeupe kwa rula, kikawa kama ukuta wa matofali ya kuchoma. Ndani tulipanga magogo matatu, nyuma yake karatasi nyekundu na za manjano, na taa za kumetameta tukazificha humo. Juu ya rafu matawi ya msonobari, na pamba kuigiza theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuiona. Soksi zilizotundikwa zilikuwa zangu, zile ndefu nilizokuwa nikivaa na kaptula enzi za ujana wangu kazini.

Usiku tulizima taa kubwa tukawasha zile ndogo. Ama kwa hakika, hata mimi nilijikuta nimenyoosha mikono kuota moto.

Watoto walipolala nilibaki nikikitazama kile kisanduku, na kwa kuwa somo langu lilikuwa historia, nikaanza kukifuata kilikotoka.

Wazungu hawakuzaliwa na dohani. Kwa karne nyingi watu wa kawaida wa Uingereza waliwasha moto sakafuni, katikati ya nyumba, kama wazee wetu, nao moshi ukajitafutia njia kwenye paa. Dohani zilianza kuonekana katika ngome na majumba ya wakubwa yapata karne ya 12. Wanavijiji wengi walizipata katika karne ya 16 na ya 17. Zilipoenea, serikali ikaona fedha. Mwaka 1662, enzi ya Mfalme Charles wa Pili, iliwekwa kodi ya shilingi 2 kwa mwaka kwa kila mahali pa moto. Watozaji waliingia mpaka ndani kuhesabu, wakachukiwa mno, na mwaka 1689 kodi hiyo ikafutwa. Msomaji anayezijua habari za kodi ya nyumba waliyoianzisha Wajerumani hapa kwetu mwaka 1898 hatashangaa.

Baba Krismasi naye ametoka mbali. Asili yake ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi tunayoiita leo Uturuki, aliyeishi karne ya 4. Hadithi husema kwamba aliwatupia dhahabu usiku binti watatu wa mtu maskini. Lakini habari ya kushuka kwenye dohani na kujaza soksi ilienea hasa kwa shairi lililochapwa Desemba 1823 katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la Clement Clarke Moore.

Ushike mwaka huo. Zama zile zile, huko Uingereza, dohani zilisafishwa na watoto. Wavulana maskini, wengine hawajafikisha hata miaka saba, walipandishwa ndani ya dohani nyembamba wakwangue masizi. Magoti na viwiko vilichunika. Wengine walinasa, wakakosa hewa, wakafa. Wengine walipokuwa watu wazima walipata saratani itokanayo na masizi, ambayo daktari Percivall Pott wa London alikwisha kuieleza mwaka 1775. Bunge lilitunga sheria mwaka 1788, mwaka 1834 na tena mwaka 1840, nazo zikadharauliwa. Ilikuwa mpaka afe mvulana mmoja, George Brewster, mwaka 1875, ndipo ikatungwa sheria iliyoikomesha kazi ile. Kwa hiyo dohani ile ile iliyokuwa ndoto ya mtoto mmoja ilikuwa kaburi la mwingine.

Mwisho wake ulikuja kwa moshi. Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano, wakafa maelfu ya watu, na sheria ya hewa safi ikafuata mwaka 1956. Huko Marekani, mkesha wa Krismasi mwaka 1966, kituo cha televisheni cha WPIX cha New York kiliwaonyesha watu wa maghorofani picha ya moto ukiwaka mekoni, pamoja na muziki, bila tangazo hata moja. Kumbe kisanduku chetu kina kaka zake. Watu walitaka moto ubaki, lakini masizi na vifo viende zao.

Hapo nikaikumbuka nyumba ya mkuu wa chuo, tuliyokaa miaka 14. Ilijengwa wakati wa Waingereza, na kwa baridi ya huku ya Juni na Julai walikuwa wameijengea sebule yake meko ya matofali na dohani ndefu. Jiko lilikuwa banda la nyuma: mafiga matatu, dirisha la ukubwa wa daftari, dohani hakuna. Mimi nilisahihisha kazi za wanachuo mbele ya moto usio na moshi. Mke wangu aliwapikia watoto, ndugu na wageni wa chuo ndani ya moshi. Mwaka 1991 alikuja fundi kukarabati dohani ya sebuleni. Alipomaliza akaniambia, “Mwalimu, matofali yamebaki. Nikujengee na ya jikoni?” Nikamjibu kwamba jikoni hakuna shida, wamezoea. Bei aliyoitaja siikumbuki, ila nakumbuka haikunizidi.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nafurahi. Lakini mke wangu anakohoa tangu zamani, na daktari alipouliza amepikia kuni miaka mingapi, nilijibu mimi kabla yake.

Usiku ule alitoka chumbani amejifunika kitenge, akaketi karibu nami, akakitazama kisanduku kwa muda mrefu.

“Mwalimu,” akasema, “kumbe ulikuwa unajua kujenga jiko.”

Sikuwa na jibu. Januari 2023 nilimwita fundi, akajenga dohani jikoni, ya matofali ya kweli. Moshi unapanda vizuri, ingawa kikohozi hakijaondoka. Kisanduku tunakihifadhi stoo, na kila Desemba tunakivuta kwa magurudumu yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi yalikuja na mjukuu kweli, wa miaka sita, akiulizia bomba la moshi.