Udongo Utoke Vipi? Historia ya Shimo la Nguzo

Shimo la nguzo likishafika magotini, jembe linaishiwa kazi. Mpini wake unataka nafasi ya kuinuka na kushuka, na bapa limekaa mkingamo, kwa hiyo haliwezi kuzama kwenye tundu lenye upana wa shubiri moja na nusu. Beleshi nalo litaingia, lakini ukitaka kulilaza ili libebe udongo, mpini unagonga ukingo. Hapo ndipo kibarua anapolala kifudifudi, anatumbukiza mkono hadi begani na kuanza kuchota kifusi kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Pita vijijini baada ya masika, ardhi ikiwa bado laini na watu wameshika ujenzi, utamkuta mtu wa namna hiyo, shavu limegusa majani, akipapasa chini asikokuona.

Kuivunja ardhi si tatizo kubwa. Mtaimbo unavunja karibu kila kitu, na palipokauka sana watu humwaga ndoo ya maji jioni, wakarudi asubuhi. Kazi iko kwenye kuutoa udongo uliokwisha kuvunjwa. Vifaa vya mkono vya kuchimbia mashimo ya nguzo vimebadilika mara nyingi, na karibu kila badiliko lilikuwa jibu la swali hilo moja: udongo utoke vipi bila kulipanua shimo?

Mtu anaweza kuuliza, kwani likipanuka kuna nini? Tupige hesabu. Shimo la kipenyo cha sentimita 30 na kina cha sentimita 90 linatoa lita 64 za udongo, yaani debe tatu na kidogo. Ongeza kipenyo kiwe sentimita 60, kina kikabaki kilekile, unapata lita 254, karibu debe 13. Upana umezidi mara mbili, jasho limezidi mara nne. Kisha kifusi hicho chote lazima kirudi shimoni na kushindiliwa, na hakuna ushindiliaji unaoufikia ugumu wa ardhi ambayo haijaguswa. Uzio unaolala baada ya mvua mbili, mara nyingi kosa lake ni shimo pana.

Kifaa cha kwanza cha kuchimbia kilikuwa muo, mti uliochongwa ncha. Umri wake unashangaza. Juu ya Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mchanga uliolowa maji umehifadhi miti iliyochongwa na viumbe waliotangulia binadamu wa leo. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba hapo katika miaka ya 1950, na mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Lawrence Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza umri wa vitu hivyo. Kilichovuma magazetini ni magogo mawili yaliyochongwa yakaumana, ya miaka 476,000 hivi. Kwangu mimi, jambo la kusisimua zaidi lilikuwa kwenye tabaka la baadaye: kijiti cha kuchimbia chenye umri wa zaidi ya miaka 300,000.

Muo haujaisha kazi. Wanawake wa Kihadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanachonga mti mgumu, wanaipitisha ncha motoni ili ikaze, na kwa huo wanachimbua mizizi iliyojificha katikati ya mawe. Kusini mwa Afrika watu wa kale walikwenda hatua moja mbele: walitoboa jiwe la mviringo katikati, wakalivisha kwenye muo ili uzito wake uongeze nguvu ya pigo. Nadhani hilo ni miongoni mwa maboresho ya kwanza kabisa katika ukoo huu wa vifaa, na ndilo wazo lile lile lililomo ndani ya mtaimbo wa kilo saba au nane: acha uzito ufanye kazi, mikono iuelekeze tu.

Mashimo yenyewe yamedumu kuliko nguzo zilizosimamishwa ndani yake. Mark Horton alipochimba magofu ya Shanga, kisiwani Pate, kuanzia mwaka 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya awali, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Miti ilikwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni madoa ya mviringo, udongo wa rangi tofauti ndani ya udongo mwingine, kila doa mahali paliposimama mti. Mwanaakiolojia anazisoma nyumba za kale za pwani yetu kwa madoa hayo, kwa sababu shimo likishafukiwa halirudii tena rangi ya ardhi iliyolizunguka.

Kwa muo na mkono mtupu, au kwa mtaimbo na kifuu cha nazi, kina cha shimo kina mpaka wake, nao ni urefu wa mkono wa mchimbaji. Ukilala kifudifudi unafika sentimita 70, pengine 80. Kwa nyumba ya udongo na fito hiyo inatosha kabisa: boriti ya mkandaa ikizama kiasi hicho, ikafungwa fito na kukandikwa, ukuta mzima unashikana. Kwa hiyo kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kumfanya mtu abuni kitu kingine. Sababu ilikuja na waya.

Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimpa Samuel Morse dola 30,000 ajenge laini ya telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore, kilomita 60 na ushee. Mpango wa kwanza haukuwa na nguzo hata moja. Ezra Cornell, aliyekuwa muuza plau, alibuni plau ya kuvutwa na nyumbu iliyochimba mfereji, ikalaza bomba lenye waya na kufukia hapohapo. Ilifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa waya, uliokuwa ukipoteza umeme ndani ya bomba. Morse alitaka kazi isimame bila magazeti kunusa. Inasimuliwa kwamba Cornell aliigongesha plau kwenye mwamba kwa makusudi, ikavunjika, na watu wote wakaamini ni ajali. Baadaye wakaamua kuutundika waya juu. Mwezi Februari 1844 likatoka tangazo la kutafuta nguzo 700 za mchestnut, na tarehe 24 Mei ujumbe rasmi ukapita.

Nguzo ya telegrafu inahitaji shimo la mita moja na nusu, mara mbili ya mahali mkono unapokoma. Mafundi wa laini wa Marekani wakaja na vifaa vitatu vilivyotembea pamoja. Kwanza mtaimbo mrefu. Pili beleshi jembamba lenye bapa nyoofu na mpini wa zaidi ya mita mbili, la kuchonga kuta. Tatu beleshi lenye mpini kama huo ambalo bapa lake limekunjwa karibu pembe mraba, ili literemshwe wima, lichote, na lipandishwe wima bila kulala. Wenyewe walikiita kijiko. Ukikitazama vizuri, ni kopo la maziwa lililopata mpini, na ndicho hasa wanachofanya vibarua wengi huku kwetu wanapopigilia kopo kwenye ncha ya mti mrefu. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Shimo jembamba linalazimisha jibu hilo.

Lakini mafundi wa telegrafu walikuwa wachache. Mkulima wa kawaida wa Marekani alikuwa hachimbi mashimo. Uzio wake ulikuwa wa magogo yaliyopasuliwa na kupangwa kwa mshazari, huku na huku, yakakaa juu ya ardhi kwa uzito wake. Lakini kwenye mbuga za magharibi miti ilikuwa haba mno kwa uzio wa namna hiyo. Tarehe 24 Novemba 1874 Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, Illinois, alipata hataza ya seng'enge, na ndani ya miaka michache mambo yakageuka. Waya lazima uvutwe ukaze, na waya uliokazwa unaing'oa nguzo isiyozikwa sawasawa. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimgawia mlowezi ekari 160. Ukizungushia shamba hilo la mraba, kwa nguzo moja kila mita tano, unahitaji mashimo kama 640. Familia moja, shamba moja, mashimo 640. Haishangazi kwamba ofisi ya hataza ilipokea michoro mingi ya vichimbio katika miongo iliyofuata.

Michoro hiyo iligawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni keekee ya udongo. Mafanikio yake makubwa yalitoka Streator, Illinois, kwa kampuni ya Iwan Brothers: mabapa mawili yaliyopinda yanatazamana na kufanya pipa dogo, kila moja lina meno chini, juu kuna bomba na mpini wa kukingama. Unasimama, unazungusha kama mizunguko mitatu au minne, udongo unajibana katikati ya mabapa, unanyanyua pipa limejaa. Hakuna kuinama, na shimo linatoka la mviringo na kuta nyoofu. Ukitaka kwenda chini zaidi unaongeza bomba. Wapima udongo wa leo wanaokagua ardhi kabla ya ujenzi bado wanatumia kifaa hicho na bado wanakiita Iwan. Zimbabwe, katika miaka ya 1980, wazo hilo lilikuzwa likawa mtambo wa kuzungushwa na wanakijiji kwa mikono, ukachimba visima vya maji.

Udhaifu wake unajulikana kwa dakika tano za kwanza. Kwenye mchanga mkavu pipa linapanda tupu. Kwenye mzizi linakwama. Kwenye kokoto linakwaruza na kuzunguka tu bila kushuka.

Ukoo wa pili ni koleo: mabeleshi mawili membamba yaliyofungwa kwa bolti moja, yakitazamana. Mipini ikiwa pamoja, midomo iko wazi. Unalipiga chini kwa nguvu, unaitawanya mipini, midomo inaumana na kubana udongo, unanyanyua. Linavumilia kokoto, na mchanga wenye unyevu linaubeba. Kasoro yake iko kwenye mipini. Kadiri shimo linavyokwenda chini, ndivyo mipini inavyogonga kingo inapotawanywa, na mtu analazimika kupanua mdomo wa shimo, yaani kurudi kwenye dhambi ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Wabunifu wakahangaika na kasoro hiyo kwa miaka. Suluhisho mojawapo, lililopendwa kwenye ardhi ya mawe ya kaskazini mashariki mwa Marekani, lilikuwa kuacha mpini mmoja nyoofu usiosogea, na kuweka juu yake wenzo mdogo unaofunga bapa la pili kule chini. Ni kifaa kizuri, ingawa kina vipande vingi vya kuharibika.

Afrika Mashariki waya ulikuja na Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Laini ya telegrafu ilifuatana na njia ya reli, ikavunjwa na twiga, na waya wake ukachukuliwa na Wanandi kutengenezea mapambo. Baada ya reli yakaja mashamba ya walowezi na seng'enge. Vichimbio vya Kimarekani, ambavyo wakati huo vilikuwa vimeshaenea kwao, havikupata nafasi kubwa huku. Sababu moja ni ardhi: changarawe ya murram, mwamba wa matumbawe pwani, udongo mweusi wa mbuga unaokuwa jiwe kiangazi na gundi masika. Sababu nyingine naiona nzito zaidi. Kodi ya kibanda iliwasukuma watu kutafuta fedha kwa kibarua, na mwenye shamba anayepata mikono kwa ujira mdogo hana haja ya kununua kifaa kinachopunguza mikono. Mtaimbo na kopo vikabaki.

Vilivyobaki navyo vimeendelea kuboreshwa, kimyakimya, mikononi mwa wahunzi. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, chuma chakavu cha magari kinageuzwa vifaa vya kila namna. Kazi yote ya mtaimbo iko kwenye ncha. Mhunzi anaichoma hadi iwe nyekundu, anaipiga iwe patasi, kisha anatumbukiza ncha peke yake kwenye maji, kidole kimoja au viwili. Akiipoza kupita kiasi itavunjika kwenye jiwe la kwanza. Asipoipoza vya kutosha itapinda. Mwisho wa pili anaupiga uwe bapa la mviringo, wa kushindilia. Fundi wa uzio ananunua kifaa kimoja, anapata viwili.

Mashine nazo hazifiki kila mahali. Uzio mkubwa wa umeme uliozunguka msitu wa Aberdare nchini Kenya, uliosimamiwa na shirika la Rhino Ark kuanzia mwaka 1989 hadi 2009, una urefu wa kilomita 400 hivi. Sehemu kubwa iko kwenye miteremko na mabonde ambako trekta lenye keekee halifiki, na nguzo inayolengwa kumzuia tembo haikubali shimo la kubahatisha.

Nguzo za umeme ndizo zilizobaki kuwa mtihani. Kanuni inayotumika sana ni asilimia 10 ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 10 inazama mita 1.6. Pale ambapo mkandarasi hana mashine, koleo na keekee za mkono zinawekwa kando, na shimo linachimbwa kwa ngazi: upande mmoja unakatwa vidato viwili au vitatu, mtu anashuka mwenyewe na beleshi la mpini mfupi, anarusha udongo kidato hadi kidato. Nguzo inalazwa, tako lake linateleza kwenye vidato, kisha inasimamishwa kwa kamba na miti ya panda. Udongo unaotoka ni mwingi kuliko unaohitajika, na upande wa ngazi hautashikana kamwe kama ule ambao haukuguswa. Kwa hiyo mafundi wazoefu, kwenye laini iliyonyooka, huukata upande huo sambamba na laini, ambako waya zenyewe zinaishika nguzo mbele na nyuma, wakauacha udongo mzima upande unaopigwa na upepo.