Viboko 24: Siasa ya Uhalifu Ilivyomnyang'anya Hakimu Uamuzi

Adhabu ya lazima, yaani adhabu ambayo sheria yenyewe huiweka na kumzuia hakimu asishuke chini yake, kwa kawaida huhusishwa na Marekani, ambako mwaka 1973 Gavana wa New York, Nelson Rockefeller, alitia saini sheria iliyoanzia kifungo cha miaka 15 kwa aliyekutwa na aunsi chache za heroini. Ukweli ni kwamba Tanganyika ilikwisha kuipita njia hiyo miaka kumi kabla yake, na ilifanya hivyo katika mwaka uleule ilipokuwa ikizijenga mahakama zake upya.

Kabla ya hapo, wilayani Rungwe, ambako mji wa Tukuyu ulikuwa boma la Wajerumani kwa jina la Neu Langenburg, mashauri ya wenyeji yalikuwa yakisikilizwa tangu miaka ya 1920 katika mabaraza ya machifu yaliyotambuliwa na Waingereza. Godfrey Wilson, aliyeandika juu ya sheria za Wanyakyusa, wenyeji wa wilaya hiyo, mwaka 1937, alionyesha jinsi ugomvi ulivyopita kwanza kwa ndugu, majirani na amafumu, yaani wakuu wa vijiji, kabla ya kufika kwa chifu, na jinsi fidia, mara nyingi ya ng'ombe, ilivyokuwa na uzito katika suluhu. Utaratibu huo haukuwa wa haki tupu, kwa kuwa mwenye ng'ombe wengi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kujinasua kuliko fukara, lakini uliacha mlango wa kumpima mtu na mazingira yake.

Mwaka 1963 Bunge liliondoa mamlaka ya machifu na kupitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyozaa mahakama ya mwanzo kama ijulikanavyo leo. Mwaka huohuo ilikuja Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu. Aliyetiwa hatiani kwa wizi wa mali ya umma, kuvunja nyumba, wizi wa mifugo, unyang'anyi au rushwa alipaswa kufungwa miaka isiyopungua miwili na kuchapwa viboko 24: 12 alipoingia gerezani na 12 alipokaribia kutoka, ili, bila shaka, arudi kwao akiwa bado na maumivu. Nafuu ilikuwepo kwa mkosaji wa mara ya kwanza pale mali ilipokuwa haizidi thamani ya shilingi 100 na pakiwa na sababu za pekee. Nje ya hapo hakimu alikuwa mtangazaji tu wa adhabu iliyoamuliwa Dar es Salaam. Dola ilimpokonya chifu baraza, kisha haikumwamini hakimu wake yenyewe.

Hofu ya dola juu ya uhalifu ilikuwa na mizizi mijini. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa iliwapa wakoloni uwezo wa kumrudisha kwao mtu asiye na kazi, na misako ya waliopewa jina la wahuni iliendelea baada ya Uhuru hadi Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo iligeuza ukosefu wa ajira, tatizo la uchumi, kuwa jambo la polisi.

Mwaka 1972 vifungo vilirefushwa na viboko vikaondolewa, kisha viboko vikarejeshwa mwaka 1989 hofu ya ujambazi ilipopanda. Marekani nayo ilikaza mwaka 1994 kwa sheria ya uhalifu ya Rais Clinton, ikaja kulegeza kiasi mwaka 2018. Tanzania iliruhusu adhabu ya huduma kwa jamii mwaka 2002, ambapo mkosaji hufanya kazi za umma badala ya kufungwa, na mwaka 2022 ikazuia, kwa makosa mengi, kumfikisha mtu mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza hata Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa huduma.

Hata hivyo, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, sheria bado huagiza kifungo kisichopungua miaka 30, iwe silaha hiyo ni bunduki au panga, na hakimu wa wilaya aliyeko Tukuyu hana ruhusa ya kuuliza tofauti yake.