Muziki wa Nchi za Jahazi na Daftari Lake

Kila Diwali sisi wafanyabiashara wa asili ya Gujarat hufungua daftari jipya mbele ya Lakshmi na kuomba baraka kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Kwa mazoea hayo tumeitazama historia ya jirani yetu wa Mji Mkongwe, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Hatukusudii kumchungulia mwenzetu. Nasi pia tuna darasa la bhajan la kuligharimia.

Chuo kilifungua milango mwaka 2002, kikakaa miaka mingi katika jengo la Forodha ya zamani, barabara ya Mizingani. Kilifundisha udi, ganuni, fidla na ngoma kwa ada ndogo, na wanafunzi wengi hata hiyo hawakuimudu. Uamuzi huo ulikuwa wa utu, nasi twausifu. Lakini mwenye duka huona mara moja kwamba ada ya namna hiyo haimlipi mwalimu. Pengo lilizibwa na wafadhili wa nje na balozi za kigeni. Fedha ya mfadhili huja na mkataba, na mkataba una tarehe ya mwisho. Mshahara na umeme havina. Mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba huenda kikafungwa, walimu wakiwa wamekaa miezi bila mshahara. Miaka mitatu kabla yake, tamasha la Sauti za Busara nalo lilikuwa limeahirishwa kwa ukosefu wa fedha, likarejea 2017.

Muziki wa Unguja uliwahi kuwa na njia nyingine. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilisimama juu ya wanachama wake. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay, na walaji ndio waliozilipia.

Na sisi je? Tulihudhuria maonyesho ya chuo, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Habari za 2019 zilipotufikia tuliwalaumu wafadhili, wala hatukuulizana duka gani kati ya yetu lililowahi kuchangia.

Darasa letu la harmonia na tabla hutegemea sahani ya sikukuu, nayo hujaa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo katika daftari la mwaka huu tumetenga ukurasa: upande mmoja mshahara wa mwalimu, upande wa pili majina ya watakaoulipa kila mwezi. Kitabu hiki kinapokwenda mitamboni, majina yaliyoandikwa ni manne.