Mpiga kura asiye na kadi ya chama

Agosti 1960, Watanganyika walipochagua Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 71, chama cha TANU kilizoa viti 70. Wagombea wake 58 walipita bila kupingwa, kwa hiyo ushindani ulibaki kwenye viti 13 tu. Kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu. Uongozi wa juu wa chama ulimsimamisha Chifu Amri Dodo kuwa mgombea. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akaingia ulingoni bila tiketi ya chama, na watu wa Mbulu wakampa kura. Alipofika barazani akaungana na wabunge wa TANU.

Vitabu vingi vya historia ya uhuru hukipitia kisa hiki kwa sentensi moja, kisha vikakimbilia Desemba 1961. Naona kinastahili zaidi ya hapo. Wapiga kura wa Mbulu hawakuwa maadui wa TANU; uhuru waliutaka kama wenzao wa Tabora na Lindi. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu. Mpiga kura huru si lazima awe mpinzani, wala si lazima awe hana itikadi. Ni yule ambaye uamuzi wa mwisho anaufanya mwenyewe akiwa kwenye kituturi, hata kama moyoni ana chama anachokipenda.

Na uhuru huo ulikuwa mchanga mno. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, Mwafrika aliyetaka kupiga kura alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Akishavuka kizingiti hicho, alikabidhiwa masharti ya kura tatu: amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asingeweza kuchagua wa rangi yake tu na kuwaacha wengine, karatasi ingeharibika. Ndiyo maana mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958, uliwaka moto. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Mwaka 1962 Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akaambulia kura 21,000 hivi kati ya zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Mtu angedhani hapo mpiga kura huru amezikwa. Lakini hebu tuitazame karatasi ya kura ya mwaka ule. Kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Chama ndicho kilichowachuja, ila mwananchi ndiye aliyeamua jembe au nyumba. Matokeo yaliwashtua wakubwa: Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu mzito wa Kanda ya Ziwa na mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba, alibwagwa. Kura ya rais haikuwa na mshindani. Ilikuwa ya Ndiyo au Hapana. Sitaki kuupamba mfumo ule, kwa sababu aliyeenguliwa na vikao vya chama hakuwa na pa kukimbilia. Hata hivyo, katika nafasi ile finyu waliyoachiwa, watu walimpima mtu kwa kazi yake.

Vyama vingi viliporudi 1992, wengi walitarajia mlango wa Sarwatt nao ungefunguliwa. Badala yake Katiba iliweka sharti kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba raia asiye na chama anayo haki ya kugombea. Kabla hata hukumu haijasomwa, serikali ilishapeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, na ukapitishwa Desemba mwaka huohuo. Mtikila hakukata tamaa. Mahakama Kuu ikampa ushindi tena Mei 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua Juni 2010, ikisema jambo hilo ni la kisiasa na mwenye kulimaliza ni Bunge. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishaonya kuhusu sharti hilo katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akipinga kumnyima raia haki ya kugombea kwa sababu tu hana chama.

Watetezi wa sharti hili husema linamhusu mgombea, si mpiga kura. Sikubaliani nao. Kampeni zetu zina wimbo wa mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja, ndipo chungu kikae. Anayetaka kulibadili figa moja hulazimika kulitafuta kwenye chama kingine, hata kama mtu anayemtaka hana chama chochote. Tulishuhudia 2015. Edward Lowassa alipokatwa jina ndani ya chama tawala, CCM, njia pekee ya kufika kwenye karatasi ya kura ilikuwa kuchukua kadi ya chama kingine; akachukua ya chama cha upinzani cha Chadema, na zaidi ya watu milioni sita wakampigia. Wangapi waliichagua Chadema na wangapi walimfuata mtu, karatasi ile haikuweza kusema.

Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imevunja haki ya raia ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake na uhuru wa kujiunga, au kutojiunga, na wenzake. Mwaka huohuo rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini safari ya Katiba mpya ikakwama kabla ya kura ya maoni. Jirani zetu wa Kenya waliliweka jambo hili kwenye Katiba yao ya 2010, na 2017 Isiolo na Laikipia zilichagua magavana wasio na chama.

Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Ibara ya 67 ya Katiba bado inamtaka mgombea ubunge awe na chama, na katika chaguzi zote zilizofuata majina yote kwenye karatasi za kura yamedhaminiwa na vyama.