Simu Yako Ina FM? Cheki Sasa Kabla Shida Haijabisha

Kabambe ya shosho wako hushika FM bila data. Simu yako ya maelfu je?

FM ya simu ni nini? Ni kipokezi kidogo ndani ya simu, kinachonasa mawimbi ya stesheni moja kwa moja. Hakitaki intaneti. Waya ya earphone ndiyo antena yake, kwa hivyo zile za bluetooth hazisaidii hapa.

Inafaa lini? Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mnara wa simu ukiishiwa na chaji, huwezi piga wala kuingia mtandaoni. Stesheni yenye jenereta bado itakufikia, na hata wasee milioni wakisikiza pamoja, laini haijai.

Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizima. Ajit Pai, bosi wa tume ya mawasiliano ya Marekani, akaiambia Apple iwashe FM. Apple ikajibu kuwa iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake.

Iwe lazima? Sisi tunasema ndio. Mafuriko yakija usiku, tangazo la pa kukimbilia halifai kungoja data.

Pima yako hivi: zima data na WiFi, chomeka earphone za waya, fungua redio. Ikiimba, uko fiti. Ikinyamaza, tafuta karedio ka betri uweke kwa nyumba.