Asa Mia Moja

Mwaka 1986 nilipoingia studio ya picha mjini Tanga kujifunza kazi, fundi wangu hakunipa kamera. Alinipa boksi tupu la filamu, nisome. Lilikuwa na namba mbili: 36, idadi ya picha, na 100.

Hiyo mia, kipimo cha jinsi filamu inavyohisi mwanga, tuliiita asa. ASA zilikuwa herufi za shirika la viwango la Marekani. Wajerumani walikuwa na vipimo vyao, DIN, na mwaka 1974 vyote viwili vikaunganishwa vikawa ISO. Mafundi wangu hawakubadili ulimi. Asa ilibaki asa. Filamu ya 100 ilitaka jua. Ya 400 ilitosheka na robo ya mwanga ule, lakini ukiikuza picha, chenga zinajitokeza. Na ukishaifunga kamera, hakuna kurudi nyuma mpaka picha zote 36 ziishe.

Nililijua hilo harusini. Usiku, filamu ya 100, betri za flashi zikaisha kabla bibi harusi hajatoka ndani. Nikafungua tundu la lenzi lote, nikashusha shata mpaka sehemu ya 15 ya sekunde, nikabana pumzi. Tuliposafisha filamu, bibi harusi alikuwa ukungu mweupe. Aliyetoka vizuri ni nyanya yake, aliyeketi kimya kitini. Nilirudisha fedha za watu, lakini usiku ule haurudishiki, na bado unaniuma.

Tundu lenyewe huwasumbua wanaoanza: inakuwaje 16 iwe ndogo kuliko 2? Ni hesabu ya kugawanya. Lenzi ya milimita 50, gawa kwa 2, tundu lina upana wa milimita 25. Gawa kwa 16, unabaki na milimita 3 na kidogo. Sisi tulikariri kikaratasi cha ndani ya boksi, chenye michoro ya jua na mawingu. Kwa filamu ya 100 juani: tundu 16, shata sehemu ya 125 ya sekunde.

Wakati huo kamera isiyotumia filamu ilikwishazaliwa. Mwaka 1975, Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Rochester, Marekani, aliunda moja yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, yaani megapikseli 0.01, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti, kaseti kama zile tulizosikilizia taarabu.

Juzi, jioni, nilikuwa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, na mwanafunzi wangu. "Mwalimu, hii ISO ni nini hasa?" Nikamtolea lile boksi mfukoni. Akalisoma, akaitazama kamera yake isiyotumia filamu. Jahazi lilikuwa likiingia. Tukalipiga kwa 100, kwa 400, kwa 1600, papo kwa papo, kisha tukaketi mchangani kuzikuza picha, tukitafuta chenga.